Mlango Uliochelewa

Sajini Kiarie alikuwa ameshaifunga kesi kabla Inspekta Jepleting hajashuka garini. Alimpokea kwenye ngazi za kituo cha Elburgon, kikombe cha chai mkononi, uso umechangamka, akamweleza kwamba wakubwa wa Nakuru walikuwa wamemchosha bure kwa safari. Mwuaji alikuwa ndani. Amekiri mwenyewe, bila kofi wala kelele. Kilichobaki ni kumfikisha kortini Jumatatu, kisha kila mtu arudi kwake akaote moto, maana Julai ya Elburgon haimhurumii mtu.

Habari zenyewe zilikuwa fupi. Mugure, mke wa dereva wa lori la mbao aitwaye Mburu, alikutwa amekufa kitandani asubuhi ya Alhamisi, jiko la makaa likiwa kando yake. Daktari alisema ni sumu ya makaa. Vifo vya namna hiyo si vigeni huku juu karibu na msitu wa Mau, na hata hiki kingezikwa kama ajali, lakini Mburu alikuja kituoni na penseli nyekundu ya seremala. Aliiokota nyuma ya nyumba yake, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Ilikuwa ya Omolo, fundi kutoka mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, aliyefungua karakana karibu na soko. Jirani aitwaye Jeruto naye akasema alimwona Omolo nyuma ya nyumba ile zaidi ya mara moja, mwenye nyumba akiwa safarini. Askari walipomfuata Omolo na kumwambia Mugure amekufa, aliiweka randa chini, akasema maneno ambayo Kiarie aliyaandika kwa herufi kubwa: mimi ndiye nimemuua.

"Kikulacho ki nguoni mwako, madam," Kiarie akasema. "Fundi anaingia kwa watu na tepu, anatoka na bibi ya mtu."

"Alimuua vipi?"

"Alimwekea jiko, akamfungia."

"Amesema hivyo?"

Kiarie akanywa chai. La, hakuwa amesema hivyo. Hakuwa ameongeza neno tangu Alhamisi.

Jepleting akaingia seli. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mwongo huongeza maneno, mwenye uchungu huyapunguza. Omolo alikuwa ameketi sakafuni, mikono yake mikubwa imelala mapajani kama vyombo vya kazi vilivyokosa kazi. Jepleting akamwuliza alimjua Mugure vipi. Omolo akatazama sakafu. Akamwuliza kama walikuwa wapenzi. Fundi akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Jiko ulilitoa wapi?"

Omolo akainua macho. "Jiko gani, afande?"

Kiarie akakohoa mlangoni.

"Jiko lililomuua."

Omolo akarudisha macho kwenye mikono yake. "Andika tu ni mimi," akasema. "Vile nimesema ndio hivyo."

Nje, Jepleting alimwambia Kiarie kwamba mtu hawezi kuua kwa kitu asichokijua. Sajini akajibu kwamba mtu hawezi pia kukiri bure. Na kweli, hapo alikuwa na hoja.

Kwa Mburu matanga yalikuwa yamejaa. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye lori lenyewe, na nyuma ya lori kumeandikwa kwa rangi ya manjano WIVU NI KIDONDA. Mtu husoma maandishi ya malori ya wenzake. La kwake huliona tu anapoliosha. Mburu alikuwa mwanamume mpana mwenye macho mekundu, sauti imemkauka kwa kulia. Huzuni yake haikuwa ya kuigiza, na hilo ndilo lililomtatiza Jepleting tangu mwanzo.

Alieleza bila kusita. Jumatano alipeleka mbao Nakuru, akachelewa kupakua, akalala ndani ya lori huko huko. Aliporudi asubuhi alikuta mlango umerudishwa tu, haujafungwa, na mke wake kitandani. Jepleting akaomba simu ya marehemu. Mburu akaingiza mkono katika mfuko wa koti lake na kumpa simu ndogo yenye kifuniko cha maua. Alipoinama kumpa, uzi mweusi ulionekana shingoni mwake, ukitumbukia ndani ya shati.

Nyumba ilikuwa ya mbao, kama nyumba nyingi za mji huu unaoishi kwa misumeno. Nyumba za namna hiyo hupumua. Upepo huingia kwa nyufa ukatoka kwa nyufa, ndiyo maana watu wa huku huwasha jiko uani hadi moshi uishe, wakaliingiza chumbani, wakalala, wakaamka. Walifanya hivyo babu zao, na wao wamelelewa hivyo. Lakini kuta za chumba cha Mburu zilikuwa zimefunikwa kwa ndani na nailoni nzito nyeusi, juu hadi chini, dirisha na nyufa zote, na kupigiliwa misumari bila kuacha pa kupitisha unywele. Mburu alisema ni kwa ajili ya baridi. Jeruto, alipoulizwa kando, alisema nailoni ile iliwekwa siku chache baada ya Mburu kumfumania akipiga gumzo na Mugure kupitia ufa wa ukuta. Mburu alidhani Jeruto anabeba ujumbe wa mwanamume. Walikuwa wakiongea juu ya mbegu za viazi.

Ndani kwenye kigoda aliketi mama yake Mugure, mwanamke mkavu aliyejifunga shuka mbili. Mkononi alikuwa na kabari ya mti, ile ya kuzuia mlango, na hakuonekana kujua kwamba ameishika. Jepleting akachuchumaa mbele yake, akampa pole, akamwuliza kama angeweza kuiona.

"Huyu mtoto wangu alizaliwa kwa baridi," mama akasema. "Jiko anaijua. Hakuwa analala nayo kama mlango imefungwa yote. Anaacha nafasi, anaweka hii. Mimi ndio nilimfunza." Akaigeuza kabari. "Sasa nani alifunga mlango?"

Ncha ya kabari ilikuwa imepasuka, na kichwa chake kimepondeka kana kwamba kimegongwa kwa kitu kizito mara nyingi. Kabari ya kuzuia mlango haigongwi hivyo. Hugongwa hivyo na mtu anayejaribu kuinua mlango ambao haufunguki. Jepleting aliuliza kama daktari aliona lolote mikononi mwa marehemu. Kiarie akakumbuka, kwa shingo upande, kwamba kulikuwa na vibanzi vya mbao chini ya kucha, ila katika mji wa mbao nani asiye na vibanzi.

Jepleting akatoka, akauangalia kwa nje mlango pekee wa nyumba ile. Ulikuwa wa zamani, umefifia kwa mvua. Kwenye ubao, usawa wa kiuno, kulikuwa na madoa madogo manne ya rangi mpya, na mengine kama hayo kwenye mwimo. Akayakwaruza kwa ukucha. Unga wa mbao na gundi. Ndivyo wanavyoziba matundu ya skrubu kwenye viwanda vya mbao, wakishatoa kitu kilichokuwa kimefungwa hapo.

Alimwomba Kiarie ampigie tu mnunuzi wa mbao wa Nakuru, Rupinder, amwulize lori liliondoka saa ngapi Jumatano. Rupinder alijibu kwamba lilipakuliwa mchana kweupe. Na kama walikuwa wakimtafuta Mburu usiku, akaongeza kwa kicheko, waulize Rongai kwa Cate kama wanavyoulizia madereva wengine wote. Hakuwa amesikia habari za kifo, na alipoambiwa akaomba radhi.

Cate alikuwa na hoteli ndogo karibu na maghala ya nafaka ya Rongai. Aliwakaribisha chai kabla ya kuwauliza ni kina nani, na walipomwambia, aliketi. Alikuwa na sura ya mtu asiyelala tangu habari zimfikie. Hakuficha kitu. Mburu alimwambia waliachana na mkewe zamani, akaamini kwa sababu alitaka kuamini. Alimletea kuni za mbao, akamrekebishia paa, akamchekesha. Mwanamke anayeishi peke yake na baridi za Rongai hahitaji kushawishiwa sana, alisema, na machozi yakamtoka bila kelele.

Jepleting akamwuliza kuhusu uzi wa shingoni.

"Kifunguo," Cate akasema. "Hatoi hata akioga. Nikamwuliza ni ya nini, akasema ni ya stoo ya mbao. Kuna siku nilimfichia nikimchezea tu. Alinipiga kofi, madam. Halafu akalia, akaniomba msamaha, akashika barabara usiku huo huo."

"Na simu ya maua?"

"Huwa anakuja nayo. Anaiweka mezani, anaiangalia kama itaita. Nilidhani ni ya dada yake." Nje mwanamume alikuwa akishusha magunia huku akiimba. "Kawaida hulala kidogo tu, anaenda mapema kabla watu waamke. Jumatano mvua ilinyesha. Mimi ndio nilimwambia alale. Nilimshika mkono. Madam, alikuwa amefungia nini huko kwake?"

Kabla Jepleting hajajibu, Cate alikuwa ameshajijibu, akafunika uso kwa leso yake.

Jumapili, kengele za kanisa zikilia, Jepleting na Kiarie waliifungua karakana ya Omolo. Palikuwa na harufu ya mbao mbichi za saipras. Vumbi lilikuwa limeanza kutua juu ya randa pale alipoiacha. Kiarie alitafuta barua, picha, nguo ya mwanamke, chochote cha mapenzi. Jepleting alisogeza mbao zilizoegemea ukuta wa nyuma, na nyuma ya mbao akaukuta mlango.

Ulikuwa mdogo, wa kupita mtu mzima akiinama. Haukupakwa rangi, ila ulikuwa umepigwa randa hadi ukawa laini kama sahani. Bawaba zake zilikuwa tayari. Komeo lake lilikuwa upande mmoja tu, upande wa ndani.

Waliubeba hadi kituoni, wakauegemeza kwenye ukuta wa seli. Omolo alipouona alifunika kichwa kwa mikono, na sasa maneno yakatoka.

"Alikuja akasema, fundi, nyumba yetu ni ya mbao. Ikishika moto usiku, nitatokea wapi? Nikamwuliza kwani mlango yenu iko na shida gani. Akanyamaza, afande. Nikaelewa. Nikamwambia aende kwao. Akasema, mimi siendi mahali, nampenda, nataka tu kujua naweza kutoka. Akaniapisha nisiambie mtu. Nikaenda kupima mara mbili, nikaangusha penseli."

Mlango ulitakiwa mapema wiki ile. Ndipo watu wakaleta kazi ya jeneza, la mtoto. Jeneza haliambiwi kesho, kwa hiyo Mugure ndiye aliyeambiwa. Jumatano jioni Omolo aliumaliza, akautazama, akatazama mvua, akasema moyoni kwamba ataupeleka kesho.

"Nimeambia watu kesho maisha yangu yote," akasema. "Wanagombana, wanazoea, wanarudi. Huyu mmoja hakurudi. Mlinipata hapo mkaniambia amekufa kwa nyumba, nikajua hakuweza kutoka. Sasa mimi ningesema ni nani amemuua?"

Kiarie, ambaye mwenyewe alikuwa akingoja kabati kwa fundi mwingine tangu Pasaka, alitoka nje akasimama uani. Aliporudi aliifuta ile karatasi yenye herufi kubwa kwa mstari mmoja, akaweka sahihi yake. Kisha akamfungulia.

Jepleting alielekea kwa Mburu akifikiri jambo moja. Watu wawili ambao hawakufunga mlango wowote walikuwa wameshajitwisha kifo kile. Mwenye ufunguo alikuwa bado anapokea rambirambi.

Walipita kando ya turubai na mlango ule mdogo begani, Kiarie mbele na Omolo nyuma, watu wakanyamaza mmoja mmoja. Wawili watatu walinyanyuka walipomwona fundi, lakini Jepleting aliinua mkono, wakakaa. Nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, kulikuwa na alama nne hafifu za penseli nyekundu kwenye mbao. Waliuegemeza mlango hapo. Ulizifunika zote nne sawasawa.

Mburu alikuwa amewafuata. "Hiyo ni nini?"

"Ni mlango," Jepleting akasema. "Bibi yako aliagiza."

"Ya kutorokea." Sauti ilimpanda. "Si nilisema? Si nilisema huyu mtu—"

"Ya kutokea moto. Alimwambia fundi haendi mahali. Alisema anakupenda, anataka tu kujua anaweza kutoka."

Mburu akamtazama Omolo, akitafuta uongo usoni mwake kama alivyoutafuta kila mahali, kwenye nyufa na kwenye simu na kwenye mbegu za viazi. Hakuupata. Akauegemea ukuta, kisha akaketi kwenye matope. Jepleting alichuchumaa akamwambia anayoyajua, polepole: matundu yaliyozibwa, kabari iliyopasuka, Rongai. Hakupaza sauti. Alimwacha amalizie mwenyewe.

"Hakuwa kitandani," Mburu akasema hatimaye. "Nilimpata hapo mlangoni, ameegemea. Nilipofungua alianguka kwa miguu yangu. Nikambeba nikamlaza." Alikuwa akilia waziwazi sasa, kamasi na machozi. "Madam, sikutaka afe. Nilikuwa naogopa. Mimi najua vile wanawake hufanya bwana akiwa safari. Mimi ndio huwa huko kwao."

Akaingiza mkono ndani ya shati, akauvuta uzi, ukakataa kukatika. Ilibidi ainamishe kichwa auvue kama mtoto anayevuliwa sweta. Ufunguo ulikuwa mdogo, umeng'aa kwa jasho. Kufuli lilikuwa chini ya kiti cha lori pamoja na kibati chake cha mlangoni na skrubu. Mahakama ingesema ni kosa gani, la kukusudia au la kutokusudia. Jepleting alichukua ufunguo, akauweka kwenye bahasha, akamsomea haki zake. Kiarie alimwinua kwa kwapa. Walipokuwa wakimpitisha mbele ya watu, Mburu alisimama mbele ya mama mkwe wake, akafungua kinywa. Mama alimtazama tu, kwa macho ya mtu aliyechoka, hadi akasukumwa kwenda mbele.

Sheria ilitaka mlango ule urudishwe kituoni ukiwa na kibandiko, kama ushahidi. Jepleting aliupiga picha pale ulipo, pamoja na alama zake. Alipogeuka kuamuru ubebwe, alimkuta mama yake Mugure amesimama mbele yake akiupapasa kwa kiganja.

"Huyu ndio fundi?" mama akauliza.

Omolo akavua kofia. Alisema pole.

"Mtoto wangu analetwa kesho kutwa," mama akasema. "Weka."

"Mathe, sasa itasaidia nini?"

"Aliagiza. Weka."

Omolo akamtazama inspekta. Jepleting akaangalia upande wa barabara, ambako gari lililombeba Mburu lilikuwa likipotea nyuma ya magogo. Kisha akasema atawangojea.

Kazi ile ilichukua muda wote wa alasiri. Omolo alikata mbao kwa msumeno wa mkono, taratibu, akaichana nailoni nyeusi kuanzia chini hadi juu, akafunga bawaba moja moja. Watu wa matanga walihamisha viti vyao, wakaja kukaa nyuma ya nyumba, bila kuitwa. Alipomaliza aliingia ndani akajifungia, wakasikia komeo likivutwa. Mlango ukafunguka nje bila mlio, na baridi ya jioni ikaingia chumbani hadi kwenye kitanda kitupu.

Mama aliinama, akapita. Akatokea nje, akasimama kidogo kwenye nyasi, akageuka akauangalia.

"Unafunguka vizuri," akasema.

Omolo aliokota vifaa vyake, akavitia kwenye mfuko. Mama aliiweka kabari ile iliyopasuka chini ya mlango, akahakikisha umesimama, akauacha wazi.